"Damu imekatika, mfungulie": kisa cha jike aliyepandwa siku ambayo joto lilidhaniwa limekwisha

Mji, majina na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mwenye mbwa yameondolewa au kubadilishwa. Mimi ni daktari wa mifugo niliyemtibu jike huyo, na tutamwita Tausi.

Usuli

Tausi ni German Shepherd wa miaka minne, anayeishi kwenye nyumba yenye ua mpana pembezoni mwa mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania. Mwenye nyumba ni mama mfanyabiashara, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe watatu wa maziwa anaowalisha bandani kwa majani ya kukata. Habari ya ng'ombe naiweka mapema kwa sababu kisa chote kimeegemea hapo. Mama huyu analijua joto la ng'ombe, yaani siku za kutaka dume, kuliko maofisa ugani wengi niliowahi kufanya nao kazi. Akiona asubuhi ute mwembamba unaning'inia na ng'ombe anapanda wenzake, simu inapigwa kwa mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, na kufikia jioni kazi imekwisha. Akiona damu mkiani, anajua amechelewa. Anaandika tarehe na kusubiri mzunguko ujao.

Anayemlisha Tausi, kumfagilia banda na kumfungulia usiku ni mzee mlinzi ambaye yuko hapo tangu Tausi akiwa mtoto. Yupo pia kijana wa kukata majani.

Kabla ya hapo Tausi alikuwa ameingia joto mara kadhaa, na kila mara alifungiwa bandani mpaka likaisha. Hakuwahi kupandwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa akipata kila mwaka, na kadi ipo. Safari hii mama alitaka watoto. Wateja walikuwa wameshaweka oda, na alikubaliana na mfugaji wa upande wa pili wa mji ampandishie kwa malipo ya mtoto mmoja wa kuchagua.

Siku kwa siku

Siku ya 1 ni siku ambayo mzee aliona matone ya damu kwenye sakafu ya saruji. Mama akaizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Baadaye nilipomhoji mzee, aliniambia: "Daktari, alikuwa anajilamba tangu Jumapili ile, na huku nyuma kumevimba. Ila damu sikuiona." Kwa hiyo siku ya 1 ilikuwa siku ya kuonekana kwa damu. Joto lenyewe huenda lilikuwa limeshaanza siku tatu au nne kabla. Majike wengi wasafi hujilamba hivyo hivyo, na damu ya mwanzo haifiki sakafuni.

Mwenye dume alitoa maelekezo: siku ya 11 na ya 13, "mbwa wote ni hivyo". Siku ya 11 Tausi akapakiwa kwenye gari na kupelekwa. Akaketi chini, akafyata mkia, na dume alipomkaribia akamng'ata sikio. Siku ya 13 mambo yakawa yale yale. Mwenye dume akasema jike ana matatizo na hatampoteza mbwa wake kwa kazi hiyo.

Siku ya 14 damu ikapauka, ikawa kama maji yaliyooshewa nyama. Usiku huo mbwa koko watano au sita walikesha nje ya geti wakipigana. Mzee alipotoka kuwafukuza, mmoja akamng'ata kwenye shavu la mguu. Alifanya jambo la maana sana pale pale: alifungua bomba, akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda mrefu, na asubuhi akaenda hospitali kuanza chanjo. Yule koko hakuonekana tena, kwa hiyo ile njia ya kumtazama kwa siku 10 mbwa aliyeng'ata, kuona kama ana kichaa, haikuwezekana.

Siku ya 15 mama alimpitishia Tausi kitambaa cheupe, kikatoka karibu kikavu.

"Mzee, damu imekatika. Mfungulie, amechoka kukaa ndani."

"Mama, mbona madume bado wako getini?"

"Hao wataondoka wenyewe."

Mzee akamfungulia.

Alfajiri ya siku ya 16 Tausi alikutwa kando ya tangi la maji akiwa amenasana na koko mmoja wa rangi ya udongo. Koko alikuwa amepita chini ya geti, mahali ambapo mvua ilikuwa imekula udongo. Kijana alikuja mbio na ndoo ya maji na fimbo, mzee akamzuia: "Mwache mwanangu, utawaumiza. Wataachana wenyewe." Waliachana baada ya kama robo saa.

Siku ya 17 mama alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo akaeleza shida yake. Muuzaji aliuliza uzito wa mbwa, basi, akatoa sindano "ya kusafisha". Ikachomwa siku hiyo na kurudiwa baada ya siku mbili. Kisanduku kilihifadhiwa, nikakisoma baadaye: ilikuwa estrojeni, homoni ya kike.

Wiki ya tano tangu kupandwa, Tausi alianza kuacha chakula. Wiki ya sita akawa anatapika, na tumbo likaongezeka. Nyumbani walishakubaliana kwamba mimba imegoma kutoka na kutapika ni mambo ya mimba. Wazo la kumwita daktari lilikuwa la mzee, na sababu yake ilikuwa ndoo: "Zamani namjazia bakuli mara moja. Sasa asubuhi natia, jioni natia, na usiku nasikia analamba bakuli tupu."

Nilichokikuta

Tausi alinyanyuka aliponiona, lakini akalala tena. Joto la mwili lilikuwa juu kidogo tu ya kawaida, fizi zilikuwa kavu, na ngozi ya shingoni nilipoivuta ilichelewa kurudi. Nyuma hakukuwa na uchafu wowote wa kuonekana. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi: jike aliyetoka kwenye joto wiki sita zilizopita, anakunywa maji kupita kiasi, anatapika, tumbo limejaa, na hakuna kinachotoka.

Altrasaundi ilionyesha pembe mbili za mfuko wa uzazi zikiwa zimejaa majimaji mazito. Watoto hawakuwepo. Kwa mimba ya wiki sita mapigo ya moyo yangeonekana bila kutafuta sana, kwani huanza kuonekana kuanzia karibu wiki ya nne. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda sana. Huu ulikuwa usaha uliofungiwa ndani ya mfuko wa uzazi, ugonjwa ambao madaktari huuita payometra, na mlango wa kizazi ulikuwa umefunga.

Maamuzi na sababu zake

Mama aliuliza swali ambalo kila mfugaji huuliza: hakuna dawa ya kuokoa kizazi? Zipo dawa za kukikamua kizazi kitoe usaha, na kwa jike ambaye mlango uko wazi na hali yake ni nzuri, huwa zinajaribiwa. Mlango ukiwa umefunga, kukikamua kunaweza kukipasua na kumwaga usaha tumboni. Antibiotiki peke yake haitoshi, kwa sababu usaha haujapata pa kutokea. Nilimwambia mama kwamba chaguo lililopo ni upasuaji wa kuondoa ovari na kizazi chote, na kwamba kungoja mpaka kesho kunaongeza hatari. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi toa, daktari. Watoto nitawapata kwa mwingine."

Kabla ya nusu kaputi tuliweka dripu kwa saa kadhaa na kuanza antibiotiki, kwa sababu mnyama mkavu hufa mezani kwa urahisi. Tulipima pia wingi wa damu na kutazama chembe za kugandisha damu kwenye slaidi. Hilo lilitokana na kile kisanduku. Estrojeni inaweza kuua uboho wa mifupa ya mbwa, mahali damu inapotengenezwa, na madhara huonekana wiki kadhaa baada ya sindano. Kumpasua mbwa ambaye damu yake haigandi ni balaa. Chembe za Tausi zilikuwa chini kidogo ya kawaida, lakini zilitosha.

Matokeo

Kila pembe ya kizazi ilikuwa na unene wa kama sentimita tano, wakati kwa kawaida haifiki hata sentimita moja na nusu. Tausi alikula siku ya pili, nyuzi zikatolewa baada ya wiki mbili, na unywaji wa maji ukarudi kuwa bakuli moja. Kipimo cha damu kilichorudiwa baada ya mwezi kilikuwa kizuri. Hatazaa tena wala kuingia joto tena.

Mzee alimaliza dozi yake ya chanjo.

Tumeendelea kumkagua Tausi nyuma kwa miezi kadhaa, na sababu ni yule koko. Kuna uvimbe wa zinaa wa mbwa ambao chembe zake hupandikizwa kwa kujamiiana, na ni wa kawaida mahali penye mbwa wengi wazururaji. Kutoa kizazi hakuuzuii, kwa sababu huota ukeni. Hujitokeza miezi kadhaa baadaye kama nyama nyekundu inayovuja damu kirahisi. Nimeshaletewa majike ambao wenyewe walisema "ana joto lisiloisha, mwezi wa tatu huu", kumbe ni uvimbe huo. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki za vinkristini, dawa ya saratani. Tausi hana, mpaka sasa.

Uchambuzi

*Ujuzi wa ng'ombe ulivyompoteza*

Nimesikia watu wakisema mama huyu hakujua kitu. Mimi naona kinyume: alijua sana, ila alijua mnyama mwingine.

Joto la ng'ombe ni fupi, kama saa 18 hivi, na damu kidogo huonekana siku moja hadi tatu baada ya joto kupita. Aliyekaa na ng'ombe miaka 20 ameshafundishwa na macho yake kwamba damu ni alama ya mambo kwisha. Kwa mwanamke pia damu ya mwezi huja pale ambapo mimba haikutunga. Kwa mbwa ni kinyume cha hayo yote mawili: damu inatangulia. Estrojeni inapopanda, kizazi kinajaa damu na kuvujisha, uke unavimba, na madume wanavutwa na harufu. Jike mwenyewe katika kipindi hicho hataki, anaketi, anang'ata. Kipindi hiki huchukua siku tisa kwa wastani, lakini kinaweza kuwa siku tatu au zikakaribia wiki tatu.

Kisha estrojeni inashuka na projesteroni, homoni ya kutunza mimba, inaanza kupanda hata kabla yai halijatoka, jambo lisilo la kawaida kwa wanyama wengine wa nyumbani. Damu inapauka au inakauka, uke ulioumuka unalainika, na jike anasimama na kupinda mkia pembeni. Hapo ndipo yuko tayari. Kipindi hiki nacho ni siku tisa kwa wastani. Kitambaa kikavu cha siku ya 15 kilisema "ndiyo kwanza imefika". Mama akakisoma kwa herufi za ng'ombe. Pia wapo majike wanaoendelea kutoa damu mpaka mwisho, kwa hiyo damu yenyewe ni ushahidi dhaifu kwa upande wowote.

*Siku ya 11 na ya 13*

Hesabu hii imezagaa kila mahali, na inafanya kazi mara nyingi kiasi cha watu kuiamini. Inatoka kwenye wastani, na jike aliye mbele yako si wastani. Tausi alikuwa bado yuko kwenye kipindi cha kukataa. Mwenye dume alisema jike ana matatizo. Lakini kumng'ata dume ndilo jibu sahihi la jike ambaye siku zake hazijafika.

Kilichosaidia mambo yasiwe magumu kwa viumbe hawa ni kwamba nafasi ya kushika mimba ni pana. Baada ya kilele cha LH, homoni inayochochea mayai kutoka, mayai hutoka siku ya pili hivi, yakiwa bado machanga. Huhitaji siku mbili au tatu nyingine kukomaa, kisha hudumu siku chache. Mbegu za dume nazo zinaweza kuishi ndani ya jike karibu wiki nzima. Ndiyo maana kupandwa mara moja tu alfajiri, siku yoyote kati ya hizo, kunaweza kutosha. Ndiyo maana pia jike aliyepandwa na madume wawili anaweza kuzaa watoto wa baba tofauti kwa mkupuo mmoja. Kama Tausi angefaulu kupandishwa na dume wa oda kisha akakutana na koko, wateja wangeweza kuuziwa watoto wa madume wote wawili bila mtu kujua.

Namna ya kujua bila kubahatisha ipo, na si ya kifahari. Kijiti chenye pamba hupitishwa ukeni, hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Siku za mwanzo seli ni za duara zenye kiini kikubwa, pamoja na chembe nyekundu za damu. Jike anapokaribia kuwa tayari, karibu seli zote zinakuwa bapa, zenye kona, na kiini kimefifia. Kliniki yoyote yenye darubini inaweza. Mahali penye maabara inayopima projesteroni, majibu huwa sahihi zaidi. Na asiye na vyote viwili abonyeze mgongo wa jike karibu na shina la mkia: mkia ukienda pembeni na miguu ikakaza, siku zimefika.

*Swali la mzee*

"Mbona madume bado wako getini?" Katika kisa kizima, hiki ndicho kilikuwa kipimo bora kuliko vyote, na kilipatikana bure. Madume wananusa kile ambacho kitambaa hakionyeshi. Lakini mzee ni mwajiriwa, aliuliza kwa heshima mara moja, akajibiwa, akanyamaza. Tangu hapo nikihoji habari za jike, naanza na anayemlisha, na nikiweza namhoji mwenye mbwa asipokuwepo.

Mzee alipatia pia kwenye lile la kunasana. Fundo lililo kwenye uume wa dume huvimba ndani ya uke, na huchukua dakika chache hadi hata zaidi ya nusu saa kunywea. Kuwavuta au kuwapiga hakuzuii mimba, kwa sababu mbegu zimeshatoka, kunachana tu.

*Sindano "ya kusafisha"*

Hapa sitapunguza maneno. Sindano ya estrojeni kwa jike aliyepandwa inauzwa kirahisi mno. Inayoumiza zaidi ni kwamba Tausi hakuthibitishwa kuwa na mimba. Kupandwa mara moja si lazima kuleta mimba, na hakukuwa na sababu ya kukimbia: angengoja wiki nne, akapimwa, kisha mama akaamua kati ya kulea chotara, kutoa kizazi, au dawa salama zaidi ya kuharibu mimba mahali inapopatikana chini ya daktari.

Ili kuelewa sindano ilivyofungua mlango wa usaha, turudi tena kwa ng'ombe. Ng'ombe asiyeshika mimba, kizazi chake huipa ovari ishara na projesteroni hukatika kabla ya wiki ya tatu kwisha. Mbwa hana ishara hiyo. Ashike mimba asishike, sehemu ya ovari iliyobaki baada ya mayai kutoka huendelea kutoa projesteroni kwa karibu miezi miwili. Homoni hii hufanya tezi za kizazi zitoe majimaji, huzuia kizazi kujikamua na hupunguza kinga yake. Kila joto linafuatwa na miezi miwili ya namna hiyo, na bakteria wa kinyesi waliopanda wakati mlango ulikuwa wazi wanapata pa kulala. Estrojeni ya ziada hukifanya kizazi kiitikie projesteroni kwa nguvu zaidi. Payometra hutokea hata bila sindano, hasa kwa majike wa makamo na wazee, lakini Tausi wa miaka minne alisukumwa.

Kutokana na projesteroni hiyo hiyo, na homoni nyingine inayochukua nafasi yake inaposhuka, jike asiye na mimba anaweza kutoa maziwa, kuchimba shimo na kulea kiatu. Mimba hii ya uongo huwadanganya wafugaji wengi, na ingeweza kabisa kumdanganya mama pia.

*Yaliyobadilika nyumbani*

Chini ya geti pamemwagwa zege. Mama amenunua jike mwingine wa jamii ile ile, na kwenye kalenda sasa mzee ndiye anayeandika: siku uke ulipovimba, siku ya damu, siku madume walipoanza kukusanyika, na siku walipotoweka. Anaandika pia nafasi kati ya joto moja na lingine, ambayo kwa German Shepherd yaweza kuwa miezi mitano tu wakati mbwa wengi ni sita au saba. Joto lake la kwanza tuliliacha lipite. La pili tulichukua slaidi kuanzia siku ya 5 ya damu, kila baada ya siku mbili. Huyu alisimama siku ya 9, damu ikiwa bado nyekundu, na akapandwa siku ya 10 na ya 12. Alifungiwa mpaka geti lilipokaa siku tatu bila koko hata mmoja.